Jumamosi Isiyo na Mechi

Black Rock, Buffalo

Yaya Espérance,

Jambo sana, dada yangu. Goti linaendeleaje, au bado linakuamsha kabla ya jogoo? Mvua za Uvira zimewaachia barabara mwaka huu? Mimi ni mzima, ila tumbo limenitangulia: nikipiga hodi, lenyewe ndilo linaloingia kwanza. Karatasi hii nimempa Mama Neema anayekuja huko, maana ulisema sauti ya simu inapotea lakini maandishi unayarudia.

Uliniuliza kwa nini sihamii Louisville kwa mwanangu Amani. Bon, nitakujibu, ila nitapitia kwenye mpira. Univumilie.

Jirani yangu Walt, mzee wa Kiamerika, anapenda timu ya chuo kimoja kidogo cha huku. Ni ule mpira wao wa kubeba mikononi, wenye umbo la papai. Wanaangushana kama watu wanaogombania mbuzi. Kila mwaka majani yakianza kuanguka, timu ya chuo cha Columbus ilikuwa inakuja kucheza hapa. Mdogo wake Walt, Bob, anakaa Columbus na kushabikia timu hiyo, basi naye alikuwa anakuja.

Mwaka wangu wa kwanza Walt aliniambia, "Jumamosi tuna wageni, timu nzima ya Columbus." Mimi nikawaza mambo ya kwetu: timu ya Fizi ikija Uvira, si wenyeji ndio wanaoipikia? Nikatoa sufuria ya harusi, nikatwanga majani ya muhogo nikapika sombe, samaki ndagala, na ugali wa muhogo wa kushibisha wachezaji wote. Akaja Bob peke yake. Marehemu mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Bob alikula, akaomba tena, na ikawa desturi: siku ya mechi mimi napika, wao wawili wanakula uani kwangu na kutukanana.

Mwaka huu ligi yao imevunjika. Vyuo vinakimbilia hela za televisheni. Cha Columbus kimeingia ligi nyingine, cha Walt kimebaki nje, hakina ligi yoyote. Mechi yao haipo tena. Nikataka kumfariji. "Basi sasa mko huru."

"Uhuru gani?" akasema. "Mwenye ligi anapangiwa wageni. Sisi lazima tupige simu, tuombe mtu aje. Ukinyamaza, Jumamosi inapita hivi hivi."

Yaya, maneno hayo yalinishika, kwa sababu Black Rock nayo imevunjika. Watu wetu wengi wamehamia Columbus, wengine Louisville, mtaa wa Newburg, karibu na Amani. Kwaya ilikuwa na besi wanne. Sasa besi ni mimi tu, na sauti yangu unaijua. Nikitoka kanisani nasonga ugali wa mtu mmoja, hata mwiko unanishangaa. Amani ananiambia, "Papa, umebaki na nani huko?" Namwita mjukuu kwenye simu, ananijibu Kiingereza, anakimbia.

Nikamwambia Walt, "Mpigie Bob aje."

"Hakuna mechi. Aje kufanya nini?"

"Kula."

Hakupiga. Ndugu wa tumbo moja, Yaya, na hawajawahi kutembeleana bila mechi! Donc, basi, nikapiga mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha ghala la Lackawanna, ambacho kinatosha kuinulia maboksi tu.

"Bob. Jumamosi. Sombe."

"Nani anacheza?"

"Hakuna."

"Saa ngapi?"

Alikuja. Hawakuwa na kitu cha kubishania, wakakaa wanatazama barabara kama watu walioenda msibani. Mwishowe Bob akamwambia kaka yake, "Umezeeka."

"Wewe ndiye mdogo," Walt akajibu, "na umezeeka kunishinda."

Hapo nikaenda kuongeza ugali. Bob alipoondoka, gari lilishapotea zamani, Walt bado amesimama pale barabarani.

Basi hilo ndilo jibu langu. Nikihama, nani atampigia Bob simu? Na kaburi la mama Amani liko huku. Baridi hii nitaimaliza hapahapa, ingawa sitakudanganya kwamba nyumba haina mwangwi. Nimemwomba Amani alete watoto Krismasi. Kasema, "Tutaona, Papa." Hilo "tutaona" ni la ukoo wetu, unalijua.

Nisalimie shemeji, mwambie aache kuiba kwenye karata. Msalimie shangazi Nabintu mshona nguo, na Bahati wetu, fundi wa baiskeli.

Jumamosi zimebaki nyingi, na wa kupiga simu ni mimi. Hii nayo ni simu, Yaya, ya kuomba mechi. Chagua Jumamosi yoyote ya kunipigia, umwambie Mama Neema anijulishe akirudi. Nitakaa jikoni nikingoja, hata kama sauti itapotea.

Mdogo wako, besi pekee wa Black Rock,
Wilondja