Sentensi Tano za Nafula

Jumatatu, 3 Machi
Gredi ya tano, Kiingereza. Wakati uliopita, vitenzi vya kawaida. Unaongeza -ed mwishoni, basi. "Walk" inakuwa "walked". "Stop" inadai p ya pili kwanza. Wameandika sentensi tano kila mmoja, mambo ya jana. Nimesahihisha zote kabla ya kutoka shule. Joto. Kichwa kinauma.

Jumanne, 4 Machi
Nafula kavaa sweta siku nzima na jua hili la Kitale. Anaandika kwa mkono wa kushoto, na si kawaida yake. Nikamuuliza. Ati alianguka.

Nikachukua daftari lake tena. "Auntie locked me. I knocked. I cried. She poured hot water. I stoped." Shangazi alinifungia. Nilibisha. Nililia. Alinimwagia maji moto. Niliacha.

Nilikuwa nimempa nne kwa tano. Niliongeza p kwa kalamu nyekundu, nikaandika "jitahidi". Mwandiko ulikuwa umelala vibaya, nikadhani ni uvivu. Nilisoma mwisho wa vitenzi tu. Najichukia.

Alikuwa ameshaenda nyumbani.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia mwalimu mkuu. "Hayo ni mambo ya familia, madam. Ukianza hayo utamaliza lini?" Nimetoka, nikampeleka Nafula zahanati.

Sweta ilikuwa imeshikana na ngozi. Zahanati wakailowesha ndipo ikatoka. Nafula hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Nesi akaniuliza, "Hii ni ya Jumapili. Mlikuwa wapi nyinyi?"

Nikaripoti polisi, dawati la watoto. Wakasema watafika mtaani Kipsongo kwa huyo shangazi kesho, na kwamba usiku huu mtoto akae kwa jirani. Mama Nafula alishafariki. Amebaki na nyanya yake tu, Kabuchai huko Bungoma.

Alhamisi, 6 Machi
Hayupo darasani. Nimeenda Kipsongo na polisi. Kufuli mlangoni. Jirani anasema shangazi alikuja kumchukua asubuhi. "Alisema ni mtoto wake, ningefanya nini? Wameenda Bungoma."

Bandeji inatakiwa kubadilishwa kila siku. Nani atabadilisha?

Jumamosi, 8 Machi
Nimefika Kabuchai, daftari mkobani. Shangazi alimwacha kwa nyanya akaondoka bila hata kuketi. Nyanya alikuwa amepaka jeraha asali. "Mwarimu, sikujua. Aliniambia ni chai ilimwagika."

Jeraha linanuka. Mtoto anatetemeka kwa homa. Tumempeleka hospitali Bungoma, amelazwa. Polisi wa pale wamechukua daftari. Ushahidi, wamesema. Alama yangu nyekundu imo humo, wataiona.

Jumatano, 12 Machi
Amepona homa. Shangazi amekamatwa Kitale. Nilidhani ningefurahi.

Jumapili, 30 Machi
Kabuchai tena. Vidole viwili havitanyooka, daktari ameshasema. Kesi itachukua muda. Nafula atasoma huku kuanzia muhula ujao.

Nilimwambia, "Niliona sentensi zako siku ileile uliyoziandika, sikuzisoma. Nisamehe."

Nyanya alileta chai, akaenda zake shambani. Nafula alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo, anatupa mawe kwa kuku. Baada ya muda akausogeza ungo katikati yetu. Tukachagua mpaka yakaisha.