Panya wa Mbao Katika Mfuko wa Aproni

Mwende, mjukuu wangu,

Hapa Jeddah joto limeanza kupungua. Wiki iliyopita nilikwenda Riyadh, kwenye nyumba ulimokuwa ukifanya kazi, na nakuandikia nikueleze nilichokwenda kufanya, ingawa nimechelewa.

Ulipoletwa na wakala, mwaka ule mlipokuja wengi kutoka Kenya, mimi tayari nilikuwa mgeni wa nyumba ile. Kila baada ya miezi michache bosi wako aliniita nikague netsuke zake, vinyago vidogo vya Kijapani, na wewe ndiye uliyezileta mezani juu ya sinia. Alipenda kutusikia tukisema Kiswahili asichokielewa. Siku ya kwanza nilikueleza, kwa kirefu kuliko ulivyouliza, kama kawaida yetu walimu: nguo za Wajapani wa zamani hazikuwa na mifuko, hivyo mkoba ulining'inizwa mshipini kwa uzi, na netsuke, kinyago kinachoenea kiganjani, kilifungwa mwisho wa uzi ili usichomoke. Ukacheka, na tangu hapo nikawa babu yako. "Babu, ufundi wote huu ni kwa sababu walikosa mfuko?"

Kisha ukamchukua yule panya wa mbao aliyejikunja juu ya mkia wake, ukampapasa tumbo kwa kidole gumba, ukasema, "Huyu fundi hakuwa na haraka." Baba yako alikuwa mchongaji Ukambani. Ulijua kwa kidole yale niliyoyatafuta vitabuni miaka arubaini.

Hapo ndipo nilipokuambia maneno yaliyokuponza. Nilisema vinyago hivi vilizoea kuvaliwa, na vikifungiwa kabatini katika ukavu wa Riyadh hufifia na kupasuka. Vinataka mkono wa mtu. Mimi nilikuwa nasomesha tu. Wewe ulidhani ni kazi umepewa. Kila asubuhi ukatia kimoja mfukoni mwa aproni, ukapiga deki nacho, ukapika nacho, na alasiri ukakirudisha mahali pake.

Madam, mke wa bosi, alipomkuta panya mfukoni mwako, bosi alinipigia simu. "Anasema wewe ndiye uliyemwambia. Kweli?"

Nilijibu kwamba sikumbuki.

Nilikumbuka, Mwende. Niliogopa kufungiwa mlango wa nyumba yenye vitu nilivyovipenda. Bosi akasema halas, yamekwisha, ukapelekwa kwa kafili mwingine, mwajiri mdhamini wa mtaa wa Al-Suwaidi, na jina la mwizi likakutangulia. Kifua kilipokubana huko, walisema unajisingizia ugonjwa. Nani amwamini mwizi? Mwenzako aliyenipa habari ya kifo chako alilia hata nikashindwa kumuuliza zaidi. Aliniambia jambo moja tu: lile neno, mwizi, limefika hadi kwa mama yako.

Basi nilikwenda. Nilimweleza bosi yote, madam akisikiliza mlangoni. Alifungua kabati, akazipanga netsuke juu ya kitambaa, na hakuhitaji kuniuliza ni zipi ulizozibeba. Sita zilikuwa na mng'ao wa mkono, laini kama tasbihi ya mzee. Zilizobaki zilikuwa kavu, na kasa mmoja alikuwa amepasuka mgongo. Bosi alimchukua panya, akampapasa tumbo kwa kidole gumba.

"Ungeniambia siku ile," akasema.

Aliniaga bila kunialika tena.

Mama yako bado sijampigia. Nambari ninayo, mara mbili nimebonyeza, nikakata kabla haijaita. Mwanafunzi mtoro hakuwahi kunishinda kwa visingizio. Kesho baada ya sala ya asubuhi nitapiga, na sitakata. Nitamwambia bila mapambo: mwanao hakuiba, alifanya alichofundishwa, na aliyemfundisha akamkana. Akitaka kunilaani, nitasikiliza hadi amalize. Kisha nitampigia kila jirani atakayenitajia, mmoja mmoja, niwaambie vivyo hivyo.

Pumzika, mjukuu wangu. Mkono wako ungali juu ya yule panya. Na mimi, niliyesema sikumbuki, sasa sina jingine ninalolikumbuka.

Babu yako wa Jeddah