Kwa Sponji, Fundi Makochi Wetu, na Siku za Wageni

Mwaka umetimia, Sponji, tangu utolewe kwenye kiti chako cha pembeni kupelekwa hospitali, na hukurudi kukikalia. Wanao wameniachia mimi kalamu. Wanasema mama ndiye mwenye maneno. Maneno ninayo, ila siku hizi yananitoka kama ya mtu anayesoma tangazo.

Ulikuwa fundi makochi miaka thelathini na moja. Mteja akisema tu, "Mume wangu mnene," ulishajua sponji ya unene gani. Misumari ulishika kwa midomo na bado ukaweza kucheka. Kochi lilipokamilika ulilikalia kwanza wewe, ukafumba macho, ukasema, "Hili litaleta usingizi." Lisipoleta, ulilifumua upya. Sebule yetu uliijaza viti kumi na vinne vya mabaki ya vitambaa, hakuna kinachofanana na mwenzake, kwa sababu ulijua umeoa nani. Mkeo ni mtu wa watu. Nyumba ikiwa na watu watatu mimi naiona tupu.

Tena hili niliweke wazi hapa, maana mtaa huu naujua, na umbea wake mwingine nimeusambaza mwenyewe: hukunywa pombe. Hata ya kuonja. Ulikuwa na virusi vya homa ya ini miaka mingi bila kujua, ini likakakamaa polepole. Tulijua siku ulipotapika damu kwenye beseni la kufulia.

Daktari alituchorea nyuma ya bahasha. Damu inataka kupita kwenye ini, ini limekuwa gumu, damu inarudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya koo mpaka inapasuka. Wakakupitishia kijibomba kwenye mshipa wa shingo hadi ndani ya ini, damu ipate njia ya mkato. Koo likatulia.

"Lakini sasa," daktari akasema, "kuna damu inayopita bila kuchujwa, na sumu yake inapanda kichwani. Hii dawa ya maji anywe kila siku, imwendeshe choo mara mbili au tatu, sumu itoke huko. Mkimwona anachanganya mambo, au mikono inapepea akiinyoosha, mleteni hapo hapo."

Ukamwambia, "Dokta, umenifungulia barabara ya mchepuko, sasa malori yote yatapita kwangu." Tukacheka, na daktari naye.

Choo chetu, wanaotujua wanakijua. Mlango wake ulikuwa sebuleni, nyuma ya kochi refu. Anayeingia anaonekana, na akishaingia anasikika. Sikuwahi kulifikiria hilo. Wewe ulilifikiria kila siku.

Jumamosi ile mchana nyumba ilijaa. Alikuwepo wifi yangu, dada yako. Alikuwepo msusi wangu, na majirani, na wengine ambao sijui hata walikuja na nani. Ukainuka na utepe wako wa kupimia, ukaanza kumpima wifi kuanzia begani.

"Kaka, nimeshakuwa kochi?"

"La watu wawili," ukasema. "Miguu ndiyo imelegea."

"Na kitambaa je?"

"Kwanza tukung'ute vumbi."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Msusi alimwaga chai. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, nikasema huyu bwana wangu amepona sasa. Utepe ulikuwa unapepea mkononi mwako. Niliuona. Nikadhani ni sehemu ya utani. Ukauliza, "Mwenye kochi anakuja saa ngapi kulichukua?" Na hukuwa unacheka.

Kisha ukakaa kwenye kiti chako, ukalala, na sisi tukapunguza sauti tusikuamshe. Tuliendelea hivyo mpaka birika la pili likaisha. Naweza kukutajia yote yaliyosemwa, nani kaachana na nani, nani kahamia wapi. Wageni walipoaga ndipo nilipokugusa bega, na hukuamka.

Wodini nesi aliniuliza kama ile dawa ya maji ulikuwa unakunywa. Nikamjibu, "Kila siku, hajakosa." Nilikuwa na hakika. Ulifumbua macho, mara ya mwisho kuongea nasi ukiwa na akili yako.

"Siku za wageni sikunywa," ukasema. "Ningewapitaje watu na tumbo linanguruma?"

Nesi akanigeukia. "Siku za wageni ni zipi, mama?"

Nikaanza kuzihesabu. Kwetu ilikuwa siku gani isiyo ya wageni?

Siku ya nne ulituacha.

Sijalia, Sponji. Wanao wamelia. Msusi alilia mpaka macho yakavimba. Watu bado wanakuja, nawapa chai, wanasimulia, mimi naitikia "Ehee, ikawaje?" Wakishaondoka sijui nani alisema nini. Wifi aliniambia, "Wifi, acha kujichoma. Kaka angekwambia."

Nikamjibu, "Angeniambia saa ngapi? Nilikuwa naongea."

Mwezi uliopita mwanao mkubwa alileta mwashi. Wameziba mlango wa choo upande wa sebule, wakatoboa mwingine nyuma, karibu na chumba chetu. Nilikaa kwenye kiti chako nikiwatazama. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Siku mbili tu, na plasta ikakauka.

Unayesoma hapa, kama una mtu wa dawa hiyo nyumbani, mpimie wewe mwenyewe kikombe chake, umwone akimeza. Wageni watakaa nje.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Wanao watatu na wakwe zako. Mjukuu wako anayelala kwenye kochi la mistari na hataki kitanda. Mwenzako wa karakana, ambaye bado hajaliondoa koti lako msumarini. Na dada yako, anayesema ule utepe ubaki kwake.

Tunakukumbuka leo, na hatutaacha. Njia ya nyuma sasa iko wazi, mume wangu. Hakuna atakayekuona ukipita.