Ulitaka Kutembea, Nikakulaza

Mama Zena, mke wangu,

Nina neno. Nimelikalia miaka, sasa limenishinda.

Unakumbuka ulivyokuwa mama ntilie Kariakoo, ruksa ya biashara ndiyo imeanza, sisi makuli tunashusha marobota ya mitumba mpaka shingo zinapinda? Jamaa mmoja alikushika kiuno. Ukammwagia mchuzi wa moto miguuni. Nikacheka. Ukanigeukia na mwiko: "Na wewe unataka?" Siku hiyohiyo nikajua huyu namuoa.

Halafu tumbo. Saratani ya utumbo, wakakupasua. Uliingia asubuhi ukatoka alasiri, damu imekutoka nyingi. Kesho yake yule nesi wa kiume akaja: "Mama, umetoa hewa?"

Ukamjibu, "Mama yako nyumbani unamuuliza hivyo?"

Wodi nzima ikacheka. Wewe umeshika mshono, unacheka na machozi.

Akanivuta pembeni. Utumbo ukikatwa unalala, akasema. Ukijamba ndiyo umeamka. Sindano za maumivu zinauchelewesha, kulala kitandani nako kunauchelewesha. "Mtembeze, baba. Hata hatua kumi."

Akakuinua yeye mwenyewe. Ukapiga ukelele. Mimi nikaona mtu anakuua. Nikamkaba, nikambamiza ukutani, jino likamtoka.

"Baba Zena, muache! Nataka kutembea."

"Lala!" nikakufokea.

Walinifukuza, nikaingia kwa geti la nyuma. Nimebeba mizigo ya watu maisha yangu yote, nishindwe kukubeba wewe? Nikakubeba chooni. Nikakubeba dirishani. Miguu yako haikugusa sakafu. Nesi akisogea namuonyesha ngumi. Mwisho wakakuacha.

Tumbo likavimba, likawa gumu. Ukatapika kijani. Siku ya sita ukakata roho, mkono wangu uko mgongoni mwako.

Daktari alisema sababu ziko nyingi. Upasuaji ulikuwa mrefu, damu ilipotea, zile sindano, chumvi za mwilini zilishuka, ugonjwa wenyewe ulishaenea. "Si kosa lako peke yako, mzee."

Nikasikia lile "peke yako." Nilitaka kumvunja na yeye.

Watu wakiuliza, nasema saratani. Zena naye nilimwambia hivyohivyo, mpaka kaolewa, mpaka kazaa. Juzi alikuja na wanawe, nikamwambia yote. Jino la nesi. Wewe kusema unataka kutembea.

Hakulia. Akauliza, "Mama alisema mwenyewe?"

"Ndiyo."

Akawavalisha watoto viatu. Hakuniaga.

Leo nimemfuata kwake Buguruni. Kafungua mlango nusu. Shikamoo hakunipa. "Rudi kwako, baba," kafunga.

Zamani huo mlango ningeung'oa. Unanijua. Nimesimama pale nje mpaka majirani wakaniuliza kama naumwa, nikarudi.

Kesho naenda tena. Nitabisha mara moja, nisubiri.

Lala salama, mke wangu.

Mumeo, Baba Zena