Mama Alikwenda Kwenye Sindano na Njaa

Jumanne, 14 Mei. Asubuhi manyunyu, ukungu umefunika ziwa.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Mama alitoka Kamachumu bila kula tangu jana jioni. Alidhani tiba ya sindano za Kichina ni kama kupima sukari, kwamba mtu huenda na tumbo tupu. Njiani alitafuna kahawa tu, punje chache alizofunga kwenye leso. Mimi niliyempeleka sikumuuliza.

Sindano zenyewe ni nyembamba, hazikumuuma. "Hata siafu wa shambani kwangu wanazishinda hizi," alimtania daktari. Kisha jasho likamtoka, akalegea. Daktari alizichomoa haraka, akamlaza, akainua miguu yake.

"Mgonjwa mpya lazima ale kwanza," aliniambia. "Hamkuambiwa?"

Hatukuambiwa. Akaongeza kwamba dawa za presha asiziache, na kwamba mkono wake wa kulia uliopooza hauamshwi kwa siku moja. Pengine hautaamka kabisa. Hilo nalo nilikuwa sijajiandaa kulisikia.

Hapa kwangu Nyanga, Mama alikula ebitoke, ndizi za kupikwa, kwa mkono wa kushoto, akamaliza sahani. "Sirudi, Koku. Leo nimekiona kifo, na kimevaa koti jeupe." Nilicheka. Yeye hakucheka. Baadaye aliniomba nimfungue vifungo vya gauni, akageukia ukutani nilipokuwa nafungua.

Ijumaa ni zamu yake ya pili. Nitampikia mapema, nimwekee sahani mbele. Akikataa kula, nitakuwa nimejibiwa.

Nalala saa saba usiku.