Hasira Iliyokaa Kooni

Mjukuu wangu Renata,

Huku Busunzu tunaamka salama. Maharage yamechanua na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike. Nimesomewa ujumbe wako wa simu. Unauliza uwafanyeje watoto wa darasa unalofundisha hapo Kasulu, wanaopigana hata ukiwakataza.

Nilipokuwa msichana, rafiki yangu Anjelina aliuvunja mtungi wangu kisimani. Nilirudi nyumbani nikitafuta fimbo ya kumpigia. Mama hakunikaripia. Alinikalisha mlangoni, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, akaniuliza, "Hasira iko wapi?"

"Kooni."

"Basi tuisubiri."

Tukakaa tukitazama vilima vikijitokeza kimoja kimoja kana kwamba vinaumbwa upya. Koo likalegea, nikalia.

"Sasa unataka nini?" akauliza.

Nilishangaa kujisikia nikijibu, "Namtaka Anjelina."

Nilimkuta amejificha kwenye migomba ya kwao, akiogopa kuingia ndani. Tukateka maji kwa mtungi wa kwao, tukipokezana kuubeba. Miaka mingi baadaye, mikono ya Anjelina huyo ndiyo iliyompokea mama yako alipozaliwa.

Wabusu hao watoto wako wa darasani.

Bibi yako, Stefania