Viti Vinavyotazama Ukuta

Jumatatu, 3 Juni
Nimechagua mawe kwenye mchele wa mashamba ya Mwamkulu, nimekata nyama nyembamba. Dada Milembe kanitazama tu. Banda la chakula ni lake. Kanipa wiki moja nijaribu mapishi yangu. Wateja wasipokuja anarudisha ugali wake na maharage, mimi narudi shambani.

Miezi mitatu ya mafunzo ya mpunga kule Japani nilikula kwenye migahawa ya bei chee, jina moja na ladha moja kila mtaa. Bakuli la wali, nyama na vitunguu juu. Chai bure. Unakula peke yako ukitazama ukuta, unamshukuru mpishi, unaondoka. Hakuna anayekuuliza kitu. Naiheshimu sana akili ile. Kaunta nimeijenga hivyohivyo.

Jumanne, 4 Juni
Wateja wawili. Aibu.

Jumatano, 5 Juni
Treni imeshusha abiria stesheni hapa jirani. Mzee mmoja kakaa, kageuka kushoto, kulia, hakuna wa kumkaribisha. "Nyie, mmeniadhibu kwa kosa gani?" Kabeba bakuli lake, kaenda kula nje na vijana wa bodaboda. Kumbe ladha haina shida. Huku mtu haanzi kula bila kumwambia aliye jirani yake, "Karibu." Nalijua hilo tangu utotoni, na bado nikawaelekeza watu ukutani. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeng'oa kaunta, nimeiweka katikati, watu watazamane. Kipande cha kaunta cha mtu mmoja kimebaki ukutani, na kiti chake. Misumari imenishinda.

Ijumaa, 7 Juni
Wamejaa! Karibu huku, karibu kule, kelele tupu. Wali umeisha saa saba. Yule mzee karudi na wenzake watatu. Wajapani wale wanajua kazi, bakuli ni lilelile.

Dada hajala. Tangu shemeji afariki masika haya, akikaa tu kula watu wanampa pole, anaacha sahani. Kakonda. Inaniuma.

Jumamosi, 8 Juni
Mchana, banda limejaa. Dada kajipakulia bakuli. Kapita katikati ya watu, kakaa kwenye kile kiti kimoja, kawapa wote mgongo.

Hakuna aliyemsemesha. Kala taratibu. Kamaliza wali wote, kanywa na chai.

"Asante, mpishi," kasema, bila kugeuka.

Nimeendelea kuosha vyombo. Kile kiti sikigusi.